Sauti Iliyokatwa Alama

Anayebisha na aende mwenyewe kwenye soko la maziwa la Isiolo, asimame penye wanawake wenye madumu ya manjano, aulize ni nani aliyekemea lori la ng'ombe siku moja lori likazima, dereva akashuka kuomba radhi. Ataonyeshwa Abiba. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba kama mti wa hema, mwenye pengo la jino alilong'olewa kwa teke la ngamia, na sauti ambayo Mungu alikuwa ameipimia wanaume watatu wa vita akaishia kumpa mwanamke mmoja. Akiita wateja asubuhi, wachunga mbuzi wa Kipsing hugeuka wakidhani wameitwa wao.

Sauti hiyo ndiyo mali yake. Vingine alivyo navyo ni ngamia wawili waliobakizwa na kiangazi kile kilichomaliza wanyama wa watu, ambao kaka yake anawachunga huko Kulamawe, nyumba ya bati Bula Pesa, na simu yenye ufa kama mto mkavu.

Kila siku maziwa yakishaisha, jirani yake sokoni, Nasteha, humshikia hiyo simu, na Abiba husimulia kisa kimoja kwa Kiborana, dakika moja tu, kwa sababu mtandao wa Kipande haupokei video iliyozidi hapo. Visa vyake ni vya ngamia. Ngamia aliyekunywa Ewaso Nyiro yote kwa kiu moja, akatembea siku tatu, akajisaidia, ndipo kinamasi cha Lorian kikapatikana. Ngamia aliyekataa kuuzwa mpaka mnunuzi aape kwamba hana mama mkwe. Waborana wa Moyale walimsikiliza, wa Marsabit walimsikiliza, na madereva walio Uarabuni walilia kwenye usukani. Mtu akikutana naye njiani hamwiti Abiba. Humtolea mstari mmoja wa kisa cha jana, naye humalizia wa pili, wakapita wakicheka. Kwa mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake, hilo lilikuwa kubwa kuliko cheti.

Basi Dakika ikaingia mjini.

Dakika nao ni mtandao wa video fupi, hasimu wa Kipande, na mahasimu hao walikuwa wameamua kupigania Isiolo kama mbwa wanaopigania utumbo mmoja. Wakala wa Kipande, Shire, alikaa chini ya mwavuli wa kijani karibu na stendi. Wakala wa Dakika, Kiugu, akaja na mwavuli mwekundu mara mbili yake, akauchomeka hatua kumi mbele. Shire akagawa fulana za kijani. Kiugu akagawa nyekundu kwa watu, akamaliza watu, akavika mbuzi. Wiki hiyo mnada wa mifugo ulionekana kama mkutano wa siasa, na beberu mmoja mwenye fulana nyekundu alipigwa pembe na wenzake wa kijani mpaka mwenyewe akamvua.

Kiugu alikuwa na amri kutoka juu: awanyang'anye Kipande wasimulizi wao. Alianza na Abiba. Alimfuata palepale penye madumu, akachuchumaa.

"Mama, sauti yako tunaitaka sana."

"Chukua dumu ukae vizuri. Sauti na nani?"

"Na nani vipi?"

"Sauti hutoka kwenye mdomo, na mdomo uko kwenye uso. Mnataka na uso?"

Kiugu akakuna shingo. "Uso, mama, wakubwa wanaona... Watazamaji wetu ni vijana. Tungetafuta msichana mzuri akae mbele ya kamera, wewe uwe nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma tu."

Wanawake wa maziwa walicheka mpaka dumu moja likaanguka. Abiba hakucheka. Alimwambia Kiugu kwamba nyuma ni mahali pa mkia, na kwamba akimaliza kuvisha mbuzi nguo arudi kwao. Kiugu akainuka, akapangusa magoti, akaondoka na tabasamu la mtu ambaye hajakataliwa bado.

Haikufika mwezi. Abiba alikuwa njiani kwenda kuchota maji alipokutana na kijana wa bodaboda. Kijana akamtupia mstari wa kisa cha mto, naye akamalizia, kama kawaida. Kijana akacheka, akasema, "Wewe shosho unamwiga Tari vizuri sana. Karibu umfikie."

Abiba aliweka ndoo chini. "Tari yupi?"

Tari yuleyule. Mke wa shemeji yake, Yattani. Msichana aliyelelewa Nakuru akaja Isiolo kuolewa, mwenye duka la madera karibu na msikiti, macho kama ya ndama, na Kiborana cha kuombea chai na kuulizia choo. Nasteha akaitafuta Dakika kwenye simu yake mwenyewe, na hapo Abiba akajiona, bila kujiona. Sauti ilikuwa yake, pumzi zake, hata kikohozi chake cha vumbi pale ngamia anapoinuka. Uso ulikuwa wa Tari. Midomo ya Tari ilicheza juu ya maneno yake bila kukosea hata silabi, mikono ikipepea, na chini mioyo myekundu ilibubujika kama usaha.

"Watu laki tatu," Nasteha alisema polepole. "Abaayo, dada yangu, nazima?"

"Usizime. Nataka kuhesabu ameiba vingapi."

Vilikuwa visa kumi na tisa.

Alikwenda kwanza kwa Shire, kwa mwavuli wa kijani, akitarajia haki. Shire alikuwa mtu wa heshima na woga. Aligonga simu, akangoja, akagonga tena, uso ukamfifia.

"Salaam zako nimezipokea, eeda, shangazi yangu, lakini hapa kuna shida. Mtandao wetu umefuta video zako nne asubuhi hii."

"Kwa nini?"

"Mtandao umeandika kwamba umeiga. Dakika wameandikisha hiyo sauti kuwa ni yao, kwa jina la Tari. Wakadai. Mashine yetu ikaangalia nani ana watazamaji wengi, ikakubali."

"Mashine imenisikiliza mimi nikiongea hapa?"

"Mashine haisikilizi hivyo."

"Basi inasikilizaje?"

Shire akamweleza jinsi wizi ulivyofanywa. Kila video ya Kipande hubandikwa alama ya kijani pembeni. Dakika haikubali video yenye alama ya hasimu. Huizika mahali ambapo hakuna atakayeiona. Ndiyo maana Kiugu hakuchukua picha. Alikata picha yote na alama yake, akabaki na sauti tupu, kisha akaivisha uso mwingine.

Hapo Abiba alielewa kuliko mtu aliyesoma vitabu. Tangu utotoni alikuwa ameona ngamia wa wizi wakiletwa mnadani, alama ya chuma cha moto ya ukoo wao imechunwa na ngozi yake, kidonda kimepakwa majivu, mwizi akisema ni jeraha la fisi. Akamshukuru Shire, akaenda moja kwa moja hadi duka la madera.

Tari alikuwa akimpimia mteja. Alipomwona, hakushtuka, alivuta kiti.

"Karibu, ayo, mama yetu. Nikupe la kitambaa kizito?"

"Nimekuja kuchukua sauti yangu."

Tari alisubiri mteja atoke. "Ayo, sauti ni hewa. Ukishaitoa imetoka, yeyote anaivuta. Mimi nimeipeleka mbali. Ingekaa kwako ingenuka moshi wa madumu."

"Sema basi ni yangu. Sema mara moja, halafu uendelee kuivuta."

"Nikisema, Kiugu atavunja mkataba. Yeye anasema watazamaji hawapendi kujua." Akalegeza sauti, karibu kwa huruma. "Wewe umekula ujana wako. Uniachie wangu."

Abiba alitazama madera yaliyoning'inia mstari kwa mstari. Kisha akasema, "Haya," akatoka. Nasteha, aliyekuwa akimngoja nje, husema hajawahi kulisikia neno hilo likitamkwa kwa upole namna ile, na kwamba paka wawili waliokuwa kizingitini walikimbia pande tofauti.

Siku tatu Abiba hakusimulia kitu. Aliuza maziwa kimya. Watu walidhani ameshindwa. Yeye alikuwa akitafuna, kama ngamia anavyotafuna, na alichokuwa akitafuna kilikuwa Kiborana cha Tari.

Tari alijifunza kuchezesha midomo kama mtu anayejifunza hatua za ngoma. Hakujua anachosema. Na alipojua, alijua maneno ya dukani, si maneno ya kisimani, ambayo wazee hutumia wanapozungumza mambo ya mifugo. Katika maneno hayo kuna moja linaloitwa dabare. Mtu akipoteza wanyama, mwenye ngamia wa maziwa humpa mmoja akae naye: maziwa ni ya aliyepewa, ngamia hubaki wa mwenyewe, naye harudi mpaka maziwa yakauke. Hapana karatasi. Mwenye ngamia hutamka mbele ya watu, na akishatamka harudishi. Afadhali mtu avue nguo sokoni kuliko kurudisha dabare aliyoitamka.

Siku ya nne alimwambia Nasteha, "Shika simu."

Akasimulia kisa cha ngamia aliyezaa akiwa anatembea, bila kusimama, ndama akaanguka tayari anakimbia. Kisa kizuri, cha kuchekesha. Na katikati yake, kwa Kiborana kizitokizito cha kisimani, bila kubadilisha pumzi, akaingiza maneno haya: kwamba mimi ninayesema, uso wangu mkiuona, namtoa kwa dabare ngamia wangu wa maziwa, kwa wanawake wa Kulamawe ambao kiangazi kiliwaacha na kamba mkononi, waje siku ya mnada, wanikute nilipo. Kisha akarudi kwa ndama anayekimbia, akakohoa kikohozi chake cha vumbi, akamaliza.

Nasteha, aliyekuwa Msomali lakini mzaliwa wa hapohapo, alishusha simu. "Abaayo, unajua umesema nini?"

"Kila neno."

"Na kama hataiba hii?"

"Ataiba."

Iliibwa usiku uleule, na kesho yake kabla ya adhuhuri Kipande wakaifuta ya Abiba, kwa kosa la kumwiga Tari. Abiba alicheka peke yake mpaka akashika mbavu. Sasa ahadi ile haikuwa mahali pengine popote duniani ila kwenye uso wa Tari, uliopakwa wanja, ukitabasamu, mikono ikipepea, ukiwatolea wanawake wa Kulamawe ngamia.

Mioyo ilimiminika kuliko siku zote. Safari hii watu waliandika dua pia, ndefundefu, kwa Kiborana. Wazee wasiowahi kuandika kitu walitafuta wajukuu wa kuwaandikia. Tari aliwaonyesha wateja wake. "Ona wanavyonipenda," alisema, akajibu kila dua kwa ua na neno moja alilolijua, neno la kukubali. Mumewe angemwambia, lakini Yattani alikuwa mbali na ngamia wake, mahali ambapo simu hutumika kuulia nge.

Siku ya mnada wakaja. Wengine husema walikuwa arobaini, wengine mia. Vumbi lao lilionekana tangu njia ya Kulamawe, na polisi wa kizuizi waliondoa miiba wenyewe wakidhani ni maandamano ya Mwenyezi Mungu. Wanawake walibeba vibuyu vya maziwa vilivyosukwa, vitupu, vimefukizwa tayari. Mbele yao alikuwa Mzee Kanchoro na fimbo yake. Hawakwenda mnadani. Walikwenda duka la madera, wakakaa chini barabarani, magari yakazunguka.

Abiba alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara tangu alfajiri, juu ya dumu.

"Salaam aleikum, binti yetu," Mzee Kanchoro alisema, kwa Kiswahili alipoona Kiborana kinamtoa jasho mwenye duka. "Tumesikia neno lako. Mungu akuongeze. Ngamia yuko wapi?"

"Ngamia gani, mzee?"

"Uliyemtoa."

Kiugu alikuja mbio kutoka mwavuli wake, akaona vibuyu, akaona umati, akafurahi kama mtu aliyeokota. Alimnong'oneza Tari kwa sauti iliyosikika mpaka msikitini. "Toa. Mumeo ana ngamia kumi na wanne. Hii ni video ya watu milioni. Toa tu, mimi napiga picha."

Tari akawatazama wanawake. Hakuwa mjinga, na jasho lilikuwa limeshamshushia wanja shavuni. Angeweza kusema palepale. Badala yake akainua kidevu. "Sawa, mzee. Nimetoa."

Ng'ambo ya barabara, Abiba akainama mbele juu ya dumu lake. Hakuwa amelifikiria hilo: kwamba msichana angekubali kupoteza ngamia wa mumewe kuliko kurudisha sauti.

"Vyema," alisema Mzee Kanchoro. "Mtamke sasa, hawa wamsikie. Jina lake, mama yake, bibi yake, alama iko upande gani. Kwa sauti ileile ya kwenye simu."

Tari alitoa simu, akaifungua, akainyoosha mbele. Sauti ya Abiba ikatoka humo, ndogo, ikikwaruza.

Mzee Kanchoro alingoja iishe. "Simu haina ngamia," alisema. "Wewe."

Tari akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kisauti chembamba cha Nakuru, kikatafuta neno la kwanza la Kiborana, kikalikosa, kikashika la kuombea chai. Mwanamke mmoja mbele, Mama Kabale, aliyekuwa amepoteza wanyama wote isipokuwa mbwa, aliinamisha kichwa upande kama anayesikiliza mlangoni. "Huyu siye," alisema.

"Mafua," alisema Kiugu.

"Nyamaza wewe wa mbuzi," akasema Mama Kabale.

Tari alitazama ng'ambo ya barabara. Abiba hakusogea, hakumsaidia hata kwa kupepesa jicho. Alimwacha asimame pale na vibuyu vitupu vikimwangalia, akamwacha zaidi, na kila dakika aliyomwacha ilikuwa tamu kwake kama mafuta ya nundu.

"Si mimi," Tari akasema mwishowe.

Abiba akainuka, akavuka. Nasteha nyuma yake, simu juu.

"Sema vizuri. Na taja jina."

"Ayo, tafadhali, ndani tuongee."

"Nilikuja ndani, ukanipimia kitambaa. Sema hapa."

Kiugu aliweka kiganja mbele ya simu ya Nasteha. Wanawake wawili wa Kulamawe walikishusha, bila ugomvi, kama mtu anavyomtoa mbuzi kwenye unga.

"Sauti hii ni ya Abiba," Tari alisema. "Sauti hii ni ya Abiba, mimi niliiba." Akaingia dukani, akajifunika kwa madera yake mwenyewe.

Mama Kabale ndiye aliyegeuka wa kwanza. "Kama sauti ni yako, Abiba, basi na neno ni lako."

"Ni langu."

"Ulisema ngamia."

"Njooni."

Aliwapeleka nyuma ya mnada. Ngamia jike alikuwa amefungwa pale tangu juzi, kaka yake amemleta kwa miguu, matiti yamejaa, ndama pembeni. Alikuwa nusu ya mali yake. Abiba alikuwa amemchagua tangu siku zile za kutafuna, akijua kwamba yeyote atakayesema "ni langu" ndiye atakayelipa, na akaona ni sawa. Angetoa na wa pili ili kuuona uso ule wa Tari. Akaweka kiganja kwenye alama ya ukoo, akamtaja ngamia, mama yake, bibi yake, bibi wa bibi yake, kwa sauti iliyofanya ng'ombe wa mnada mzima wainue masikio, na hakuna aliyeuliza tena ni ya nani. Mama Kabale akakamua palepale kwa niaba ya wote. Povu likapanda.

Kabla kibuyu hakijajaa, Shire na Kiugu walikuwa wameshafika wakisukumana. Shire alisema Kipande wamerudisha video zote na wanaomba radhi. Kiugu alisema Dakika wako tayari kumweka mbele, na uso wake huohuo.

"Nisaidie kushika mguu wa nyuma wa huyu ngamia," Abiba alimwambia, "nikufikirie."

Kiugu akashika. Watu wa Isiolo hawakubaliani ni wapi alipotua. Mwavuli wake mwekundu ndio uliobaki, na siku hizi mtu mwingine huuzia miraa chini yake.

Abiba alirudi Kipande. Husimulia kila siku kama zamani, ila sasa kila kisa huanza na sauti nyembamba ya Nakuru ikisema, "Sauti hii ni ya Abiba, mimi niliiba." Katikati ya kisa husikika tena, na mwisho tena, imefungwa ndani kama nyuzi za mkeka, hata mwenye mkasi mkali hawezi kuitoa bila kukichana kisa chenyewe. Watu laki sita wameijua kwa moyo. Bodaboda humpigia Tari honi wakiisema.

Juzi Tari alikuja sokoni, amejitanda, akanunua lita moja ya maziwa, akabaki amesimama.

"Ayo, nimeomba radhi mara saba. Itoe hiyo sauti yangu."

Abiba alifunga dumu, akalifuta mdomo kwa kitambaa. "Si nimeiazima tu. Siku Mama Kabale akinirudishia ngamia wangu amekauka, nitakurudishia."

"Na anatoa bado?"

"Vibuyu vinne kwa siku," Abiba alisema. "Na mvua imenyesha vizuri Kulamawe." Akamwita mteja aliyefuata.